Kabla Bi Mwaka Hajamaliza Chungwa

Shoga yangu Zuwena,

Umri wangu wote nimewaandikia wakubwa, magazetini na kwa mkono, na hawajibu. Wewe angalau una udhuru. Kwa hivyo usidhani nangoja jibu. Nakuandikia kwa kuwa nina habari inayonichoma ulimi, na mtu niliyetaka aisikie wa kwanza amelala makaburini Mwanakwerekwe.

Mashine yako imewaka.

Sisemi kuwaka kule tulikokuzoea, kwa kukoroma na kupumzika njiani. Imewaka Idi pili, ukumbini kwako, mbele ya Hafidh na mbele ya watu walewale waliokuwapo siku ile. Na Bi Mwaka alikuwa hajalifikisha chungwa nusu.

Sasa ngoja nikusimulie kwa mpango, maana kila siku ulinigombeza kwamba natukana kwanza, hoja baadaye.

Naanzia siku tuliyokutoa. Jeneza lilipoteremshwa zile ngazi zako nyembamba, sisi wanawake tulibaki juu, na mwanao Raya kanishika mkono mpaka kucha zake zikaniingia. Ndipo nikasikia kutoka mlangoni sauti ya Hafidh, mdogo wa marehemu mumeo, fundi wa kompyuta wa Darajani mwenye kibao kikubwa kuliko duka. Akasema, kwa ile sauti yake ya mikutanoni, "Jamani, kama kuna yeyote ambaye marehemu alimkosea, tunamwombea radhi. Msameheni." Na wanaume wakaitikia, "Tumemsamehe."

Mila siigombi. Kila maiti huombewa hivyo, na mimi nitaombewa, na kwangu watu watahitaji muda zaidi kuitikia. Nagombana na mdomo uliotamka. Mtu yule alisimama mlangoni kwako kukuombea radhi kwa watu, na yeye mwenyewe alikuwa hajakuomba wewe. Nikafungua kinywa. Raya akanibana, "Mama mdogo, si leo." Nikakifunga. Lakini toka siku ile nimekuwa nikitembea na maneno mdomoni kama mtu aliyeficha kaa la moto chini ya ulimi.

Unazikumbuka Jumamosi zetu. Baada ya alasiri walikuwa wakipanda mmoja mmoja, viatu vinajaa kwenye ngazi: wauza vitumbua, wajane, wasichana waliofeli mitihani na kuambiwa wakae wangoje mume, na Bi Mwaka wa chumba cha chini, mtu wa Makunduchi, vidole vyake vigumu kwa kusuka ukili toka utotoni. Wewe, mwalimu mstaafu, umesimama na rula yako, unauliza, "Nani anafungua leo?" Mmoja anabonyeza. Halafu sote tunakaa kitako kungoja.

Kwanza alikuwa akitokea Hafidh kiooni. Kile kipicha chake, koti na tai, na muziki wake wa kinanda, na maandishi: "Kompyuta hii imehudumiwa na Hafidh." Alikiweka pale yeye mwenyewe na wewe ukamwachia, kwa heshima ya marehemu mumeo. Akishamaliza kujisifu zinafuata programu za adhana, moja baada ya moja, kila moja inajitambulisha kama mgeni wa harusi. Halafu kile kiduara kinazunguka. Bi Mwaka ndipo anapotoa chungwa kwenye kikapu. Alilimenya kwa kisu, ganda moja refu bila kukatika, akalikata, akalinyonya, akafuta vidole kwenye ncha ya kanga, na kiduara bado kinazunguka. Chungwa lake ndilo lilikuwa saa yetu.

Na wewe hukukasirika hata siku moja. Kwa muda ule ulichora herufi kwenye karatasi wakazizoea kwa vidole kabla ya kugusa mashine. Siku Bi Mwaka alipofanikiwa kuandika jina la mama yake, aliliangalia sana, kisha akakuuliza, "Na nkizima, atakwenda wapi?" Ukamfundisha kuhifadhi. Nimesikia hotuba nyingi juu ya elimu, Zuwena, nyingine nimezijibu kwa kurasa nzima. Sijasikia somo lililozidi lile.

Mashine ilikuletea binamu yako kutoka Maskati, na ilipofika ilikuwa nyepesi. Ilizidi kuwa nzito kwa ukarimu wako. Kila aliyepanda ngazi zile na flashi mfukoni aliacha kitu. Binamu aliacha programu ya adhana. Mume wa dada yako akaleta nyingine, yenye sauti nzuri zaidi. Akaja wa tatu na kalenda ya Ramadhani, na wa nne na dua za asubuhi zinazojisoma zenyewe. Zote zilijiwasha pamoja na mashine, na hakuna aliyethubutu kupunguza. Nani katika mji huu ataonekana anafuta adhana?

Ile ya Maskati ndiyo iliyoleta yote. Hafidh mwenyewe aliipanga. Akasema, "Hii ndiyo sahihi kuliko zote, nshaiweka kila kitu." Kila kitu isipokuwa mji. Aliiacha inaamini kwamba iko Maskati, ambako jua linatua mapema kuliko kwetu. Ikaja Ramadhani ile ya mvua. Masika imefunga, mbingu nyeusi, ukumbini kwako giza kama chooni. Hafidh amealikwa kufuturu, ana tende mkononi, anatazama mashine kama mwari anavyotazama mlango. Ikaadhini. Na yeye, hima! kaitia tende mdomoni, kashushia na maji. Wanawake tuko jikoni tunageuza sambusa. Bi Mwaka akachungulia dirishani, akatazama uwanjani, akasema taratibu, "Mbona watoto bado wanacheza mpira, mwanangu? Msikiti umenyamaza." Karibu saa nzima ilikuwa imebaki.

Tulicheka, Zuwena. Mungu anisamehe, nilicheka nikakaa chini kwenye sakafu ya jiko. Wewe hukucheka. Ulimwambia, "Si kitu, shemeji, utailipa siku hiyo," ukamfunika na kawa la maneno mazuri. Lakini yeye hakuwatazama waliocheka. Alikutazama wewe, mwenye mashine.

Na Idi pili ya mwaka ule akalipiza. Ukumbi umejaa, wanaume upande huu, sisi upande ule, sinia za biriani katikati, na mtu mmoja kwa ujinga wake akauliza mashine inaendeleaje. Hafidh akafuta mikono polepole. Naikumbuka kila herufi: "Shemeji, mashine hii nshaitazama sana. Haina ubovu. Imemfuata mwenyewe tu. Mwanamke mtu mzima ukimpa kompyuta anaigeuza kabati, anatia tu, hatoi. Mpaka iwake, Bi Mwaka keshamaliza gunia la machungwa. Na hilo darasa lenu, bora mngesuka ukili, angalau tungeona mkeka."

Watu wakacheka. Watu uliowafundishia watoto wao kusoma. Bi Mwaka akaangalia vidole vyake.

Nikainuka, unakumbuka. Ukanivuta kanga nikakaa. Ukamwambia, "Ongeza biriani, Hafidh," ukampakulia mwenyewe. Na Jumamosi iliyofuata walipopanda walikuta mashine imefunikwa kile kitambaa chako cha kushona kwa sindano, na chombo cha maua ya plastiki juu yake. Ukasema, "Mbovu." Bi Mwaka akateremka na chungwa lake mkononi, zima. Nilikuja juu na makala nimeshaiandika kichwani, nimeshampasua Hafidh vipande, na wewe ukanambia, "Nshachoka, shoga. Usinitie gazetini." Nikakutii. Kwa wengine sina utii, kwako ninao.

Hukuifungua tena. Halafu ikaja presha, na hospitali, na Mwanakwerekwe.

Sisemi Hafidh alikuua. Nimesoma vitabu vingi mno kuweza kumwamini anayesema neno moja limeua mtu. Nasema hivi, na nitalisema popote: alikunyang'anya Jumamosi zako, na zilizobaki hazikuwa nyingi.

Arobaini yako ilipokaribia akapanda juu, hakukaa, akamwambia Raya, "Hili boksi litoke, linafuga mende. Nshaongea na watu wa vyuma chakavu, watapita kulichukua." Nilikuwepo, natenganisha nguo zako za kugawa. Nikamwambia, "Halitoki mpaka niliwashe."

"Wewe? Utaliwasha na nini, Bi Magazeti? Na makala?"

"Nitaliwasha na mikono."

Akacheka na pua. "Sikiliza, dada yangu. Pale ndani hamna kitu. Bila ya kulitia vyombo vipya, halitawaka upesi mpaka siku ya Kiyama."

Pale pale, Zuwena, nikaapa kimoyomoyo. Kama ningetia chombo kipya hata kimoja, angesema, "Si niliwaambia?" Kwa hivyo sitatia kitu. Nitatoa tu. Alisema wewe unatia tu, hutoi. Basi nitatoa mpaka kieleweke nani alikuwa anatia.

Nilitaka kumalizana naye siku ya hitima yenyewe, watu wamekusanyika, kila mmoja ananisikia. Raya akakataa kwa ile sauti yako ya darasani. "Mama hatalipiziwa kisasi juu ya sinia la hitima. Ngojea Idi." Umemlea vizuri. Mimi ningemlea vibaya na tungestarehe mapema.

Nikaanza kusoma. Najua kumsoma adui. Nimezisoma bajeti za nchi hii mpaka maelezo ya chini, sembuse boksi la bati. Nilimsumbua kila anayejua, wa shuleni na wa benki, isipokuwa fundi mmoja. Asubuhi moja mimi na Raya tukaondoa maua, tukaondoa kitambaa, tukachukua bisibisi.

La kwanza nililoliona ni skrubu. Zilikuwa na kutu ya chumvi, na chini ya kutu kuna rangi ya kiwandani haijaguswa na bisibisi. Elewa maana yake. Yule bwana aliyekuwa akija kila msimu, akifunga mlango wa ukumbi kama daktari, akitoka anajipangusa jasho, "Nshaisafisha, shemeji," hakuwahi kuifungua. Hata mara moja. Nilifurahi, nakwambia. Nilifurahi kwa furaha mbaya kabisa, nikamwambia Raya apige picha kabla bisibisi haijaingia.

Kisha tukatoa ubavu wake.

Udi wako, Zuwena.

Kila Ijumaa ulikuwa ukiifukiza mashine ile kama biarusi, chetezo chini ya meza, isipate husuda ya watu. Na feni yake, ambayo kazi yake ni kuvuta hewa, ilivuta moshi wote ule. Mabapa ya feni yalikuwa yamevaa koti la masizi yenye mafuta, juu yake vumbi la chokaa ya ukuta, juu ya hilo chumvi ya bahari. Halafu kile kitambaa cha kushona, ulichokuwa ukiitandikia hata kabla ya Idi ile, kikiziba matundu ya nyuma. Mashine ikipata joto inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Ulikuwa unaikinga na kijicho, na huku umeishika pua. Nilicheka. Halafu harufu ikatoka, udi wa Ijumaa zote zile umelala mle ndani ya bati, na mimi na mwanao tukakaa sakafuni tunainusa.

Nilifikiri kuficha. Nakwambia kwa kuwa huwezi kunisuta: nilifikiri, hili la udi asilijue mtu, maana litampa Hafidh silaha. Raya akanitazama tu. Basi.

Tuliisafisha kwa brashi laini ya rangi na pamba ya spiriti, bapa kwa bapa, mpaka feni ikazunguka kwa kupulizwa na pumzi. Tukairudishia ubavu, tukaiwasha. Sauti ya kukoroma ikaondoka. Lakini bado ilikuwa nzito, na Hafidh bado akatokea na tai yake na kinanda chake. Nikamwambia, nakuja kwako.

Kuna mahali mle ndani panapoonesha kila kinachojiwasha bila ya kualikwa. Nilipapitia kama ninavyopitia orodha ya wajumbe wa kamati: huyu anafanya nini, huyu kaletwa na nani, huyu mshahara wa nini. Nikazikuta programu za kuzuia virusi, tatu. Tatu, shoga yangu! Kila alipokuja Hafidh alitia mpya juu ya ile ya zamani, wala hakuitoa ya zamani. Zikawa zinapelelezana zenyewe kwa zenyewe, kama mashushushu watatu waliopangwa mtaa mmoja bila ya kuambiana, na kila faili lako likifunguliwa linasimamishwa na wote watatu kuulizwa linatoka wapi. Nikatoa mbili. Nikamtoa na Hafidh, koti, tai na kinanda. Mashine ikaniuliza, una hakika unataka kuondoa? Sijawahi kuulizwa swali tamu kama lile.

Video za harusi walizoacha wenye flashi, ambazo ziliijaza diski mpaka mashine ikakosa pa kuwekea hata kivuli chake, Raya alizihamishia kwake. Zikabaki adhana. Na hapo mimi, niliyewatukana mawaziri, mkono ulikataa. Nikamwita Bi Mwaka. Akapanda polepole, akatazama kioo, akatazama mkono wangu.

"Una udhu?"

"Sina."

"Basi utafutaje jina la Mungu bila ya udhu, mwanangu? Nenda katawadhe."

Nikaenda nikatawadha. Nikarudi, yeye anasoma taratibu pembeni, mimi natoa moja moja, dua zinazojisoma zenyewe, kalenda, adhana ya sauti nzuri. Ujue kwamba kazi hii hata wewe ungeiweza. Ulikosa tu mtu wa kukaa pembeni akasoma. Tuliiacha adhana moja, ile ile ya Maskati, kwa ajili ya binamu. Lakini nilikwenda kwenye mji, nikafuta Maskati, nikaandika Unguja.

Tukaizima. Tukaiwasha. Bi Mwaka akasema, "Astaghfirullah," kwa kuwa alikuwa ndiyo kwanza anatafuta kisu.

Basi Idi pili. Biriani alipika Raya, mkono wako mtupu. Watu walewale. Hafidh amekaa pale pale, kanzu mpya, amekuja na mkewe Salha. Nikangoja ashibe, maana sitaki mtu aseme nilimkosesha chakula. Halafu nikasimama katikati ya ukumbi, pale hasa ulipozoea kusimama, nikaondoa kitambaa.

"Hafidh," nikamwambia, "mwaka ule ulisema jambo juu ya mashine hii, na juu ya mwenyewe, na juu ya machungwa ya Bi Mwaka. Leo lirudie."

"Dada yangu, Idi hii. Yamepita hayo."

"Kwa nani?"

Nikamwambia Bi Mwaka, "Bismillahi." Akatoa chungwa kikapuni, na kisu. Nikabonyeza.

Ukumbi mzima ukatega masikio, watu wanangoja kinanda. Hakikuja kinanda. Unajua jinsi masikio yanavyozoea kitu. Watu wakaanza kutazamana. Na Hafidh mwenyewe, bila kufikiri, akauliza, "Mbona sikutokea?"

"Nimekufuta," nikamwambia.

Sikupanga kulisema. Nimeandika makala maisha yangu yote natafuta neno kama lile, na lilipokuja lilikuja bure. Kina mama wakapiga yowe. Na kabla yowe halijaisha mashine imeshafunguka, nyeupe, tayari, jina la mama yake Bi Mwaka liko pale alipolihifadhi. Chungwa halijafika nusu, ganda linaning'inia.

Hafidh si mjinga. Alisimama, akainama nyuma ya mashine, akanusa. "Mmetoa masizi," akasema. "Ilikuwa inakufa na udi wa shemeji. Semeni na hilo."

Wakanigeukia. Nikamtazama Raya. Nikasema, "Kweli. Udi ulikuwepo, na nusu ya uzito ulikuwa wake. Sasa na wewe sema. Ulikuwa ukifunga mlango huu kila msimu unaisafisha. Uliuona udi ukaunyamazia, au hukuifungua kabisa?" Raya akaitoa picha ya skrubu, ikapita mkono kwa mkono, upande wa kina mama kisha upande wa wanaume, mpaka ikamfikia Salha. Salha akaitazama sana. Akampa mumewe bila kumwangalia.

Na ndipo Bi Mwaka akainuka. Alivuka ukumbi mzima na lile chungwa lililomenywa nusu, akamnyooshea Hafidh kwa mikono miwili, kwa adabu zote za kwao.

"Kula, mwanangu. Leo si Ramadhani. Hutailipa."

Zuwena, majirani wa nyumba ya pili walitoka nje kutazama kumetokea nini. Mwanamme mmoja alitapika soda puani. Hafidh alishika lile chungwa, kwa kuwa mtu hakatai mkono wa mtu mzima, akasimama nalo, hawezi kulila, hawezi kuliweka, maji yanamtiririka kwenye kanzu mpya. Nilimtazama mpaka nikashiba. Sikuona haya na sioni sasa. Wako watakaosema ningepaswa kuwa mkubwa kuliko yeye. Wawe wakubwa wao; ukumbini kwako mlikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu mkubwa, na wewe haupo.

Jumamosi iliyofuata viatu vimejaa tena ngazini. Raya anafundisha, kashika rula. Bi Mwaka bado analeta machungwa, lakini sasa tunakula baada ya somo, na anasema hayana utamu ule wa kungojea. Na katikati ya viatu vile, nikaona vya Salha. Amekuja, mke wa Hafidh, akakaa kiti cha mbele. Raya akauliza, "Nani anafungua leo?" Salha akanyoosha mkono. Mumewe alikuwa chini barazani anamngoja, anasikia kila tunapocheka, hajui tunacheka nini. Nami sikuteremka kumwambia kwamba safari hii hatukuwa tunamcheka yeye.

Juzi Hafidh akanisimamisha njiani, Mkunazini, watu wanapita. Akatazama viatu vyake. "Unadhani shemeji angenisamehe?"

Najua jibu lako. Ungemwongezea biriani. Lakini radhi hiyo ni yako, na wewe hukuniachia mimi niigawe. Nguo zako nimezigawa, vyombo vyako Raya kavigawa, hiyo haikuwemo. Nikamwambia, "Si mimi wa kuulizwa. Panda Jumamosi, ukae kwenye kiti chake, uandike kwa mkono wako ulichomfanyia, mbele ya Bi Mwaka na wanafunzi wote. Utampelekea Raya, ndiye mrithi." Akasema ni kumdhalilisha. Nikamwambia naam, ndivyo hasa.

Hajapanda bado.

Nakuaga hapa, shoga yangu, maana Raya ananiita chini na mimi mkono umeuma. Mungu akupe nuru huko uliko. Ijumaa chetezo chako kinawaka kama kawaida; tumekihamishia dirishani tu, harufu ikufikie na feni ipumue. Na ahadi yangu ni hii. Kila Jumamosi, baada ya alasiri, kiti chako kando ya mashine kitakuwa kitupu, na sitamruhusu mtu kukikalia. Siku atakayokuja Hafidh, nitamkaribisha kwa heshima, nitamwambia abonyeze mwenyewe. Zamani angekaa akangoja, akatazama saa, akakumbuka shughuli Darajani, akainuka akaondoka. Sasa inawaka upesi mno. Hatapata muda wa kughairi.

Ni mimi,
Pilipili wako